Pacha wangu ana Crohn, mimi sina, na jeni zetu ni zilezile. Chakula kinaingilia wapi?

#1 PachaMmoja

Wakuu, uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Mimi na pacha wangu tumetoka yai moja. Sura moja, sauti moja, hata simu huwa tunapokeleana na aliyepiga asijue. Vinasaba vyetu vinafanana karibu herufi kwa herufi. Yeye aligundulika na ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, akiwa na miaka 24. Mimi tumbo halijawahi kunisumbua zaidi ya siku mbili mfululizo. Miaka ya mwanzo nililala na hofu. Likininyonga kidogo tu, najua zamu yangu imefika.

Nikaanza kusoma, kwanza kwa woga, baadaye kwa uchu. Kilichonishtua mapema ni hiki: kwa mapacha wa yai moja, mmoja akiwa na Crohn, yule mwingine huupata katika chini ya nusu ya mapacha hao. Kwa kolaitisi ya vidonda, ndugu yake Crohn, ni wachache zaidi. Watafiti wamekwishapata sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zinazohusiana na magonjwa haya, na jeni ya kwanza kujulikana, NOD2, ilitangazwa mwaka 2001. Hata hivyo mtu anaweza kuzibeba na akazeeka salama.

Nikisema uvimbe humu simaanishi tezi wala kansa. Namaanisha kinga ya mwili kucharuka: ukuta wa utumbo unakuwa mwekundu, unavimba, unachubuka, na kinga haijui pa kuishia.

Sasa, kubeba jeni na jeni hiyo kusomwa ni mambo mawili. Seli ya ini na seli ya utumbo zina maandishi yaleyale. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa. Uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ukikazwa, mashine za kusoma hazipenyi na jeni inakaa kimya. Ukilegezwa, inasomwa. Kinachosaidia kulegeza ni vibandiko vidogo vya asetili kwenye histoni. Kuna vimeng'enya vya kubandika na vya kubandua. Kuna kibandiko kingine, methili, ambacho hukaa kwenye vinasaba vyenyewe na mara nyingi huifunga jeni. Elimu ya vibandiko hivi ndiyo epijenetiki.

Herufi hazibadiliki. Nasisitiza hapo kwa sababu kuna mtu alimuuzia pacha wangu kopo la unga wa kijani kwa maneno "hii inabadilisha jeni zako". Pesa ilikwenda, na jeni zilibaki pale pale zilipokuwa. Uzi huu nimeuanzisha kwa hasira ya lile kopo.

#2 Kibatari

Uzi unaozungumzia uzi. Nimeweka kambi.

#3 FundiBomba

Mkuu, swali la mtu wa mabomba. Chakula kinaingia juu, kinasagwa, kinatoka chini. Kinafikaje huko kwenye bobini?

#4 PachaMmoja

FundiBomba, hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake limenifanya niwaheshimu bakteria.

Nyuzinyuzi za mimea hatuna vimeng'enya vya kuzisaga. Zinapita utumbo mwembamba salama hadi utumbo mpana, na huko wanazisubiri bakteria wasiohesabika. Wanazichachusha, na katika kuchachusha wanatoa asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo mhusika mkuu. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka kwenye butireti, si kwenye sukari ya damu kama nyingi nyingine. Yaani seli zako zinakula mabaki ya meza ya bakteria.

Butireti ikishaingia ndani ya seli, ile isiyochomwa inazuia vimeng'enya vinavyobandua asetili. Vibandiko vinabaki, uzi unalegea, jeni fulani zinaanza kusomwa na nyingine zinanyamaza. Hiyo ndiyo njia yako, fundi: mmea, bakteria, butireti, histoni, jeni.

Mwaka 2013 maabara za Japani na Marekani, kila moja kwa njia yake, zilionyesha kwa panya kwamba asidi hizi huongeza seli za kinga ziitwazo T-reg. Katika tafiti zile butireti ilionekana kusaidia jeni ya Foxp3 isomwe zaidi, nayo ndiyo inayozifanya seli hizo ziwe T-reg. Kazi ya T-reg ni kuwatuliza askari wenzao. Bila wao, kinga inapiga risasi hata kwa mgeni aliyebeba zawadi.

Halafu kuna panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walikuta vibandiko vya histoni vya panya hao vinatofautiana na vya wenzao wenye bakteria, tena si kwenye utumbo tu, hata kwenye ini. Walipowapa asidi zile fupi bila kuwapa bakteria, vibandiko vilisogea kuelekea vile vya wenye bakteria. Na wenye bakteria waliolishwa mafuta na sukari nyingi bila nyuzinyuzi walipoteza sehemu kubwa ya faida hiyo. Kuwa na bakteria halafu usiwalishe ni kama kuajiri mpishi na kufunga stoo.

#5 FundiBomba

Sasa nimeelewa. Na hao wapishi wasipolishwa wanaacha kazi au wanafanyaje?

#6 PachaMmoja

Wanakula nyumba, mkuu. Na si kwa mfano tu.

Ukuta wa utumbo umefunikwa na ute, na ute huo una sukari zilizoungana na protini. Kuna utafiti wa mwaka 2016: panya walipandikizwa aina 14 za bakteria wa binadamu, kisha wengine wakanyimwa nyuzinyuzi. Bakteria wenye uwezo wa kula ute wakaongezeka, ute ukawa mwembamba, na panya walipoambukizwa kimelea cha utumbo wakaugua vibaya sana kuliko waliokula nyuzinyuzi. Kinga inapowakuta bakteria wamegusa ukuta, haisubiri maelezo.

Kingine: seli zinapochoma butireti hutumia oksijeni nyingi, hivyo ndani ya utumbo hewa hiyo inabaki kidogo mno. Bakteria wapole wanapenda hivyo. Butireti ikipungua, oksijeni inavuja, na wale wanaoipenda, ambao wengi ni wakorofi, wanapata nafasi.

#7 MfugaNyuki

Ngoja nichangie kwa kazi yangu. Malkia wa nyuki na kibarua ni watoto wa mama mmoja, na buu lolote la kike lingeweza kuwa malkia. Anayetakiwa kuwa malkia analishwa maziwa ya nyuki kipindi chote cha ubuu. Wengine wanapewa siku chache tu, kisha wanahamishiwa chakula kilichochanganywa na chavua na asali. Matokeo yake mmoja ana ovari kubwa na anaishi miaka, wenzake ni vibarua wa wiki chache wakati wa msimu wa kazi.

Nilisoma kwamba mwaka 2008 watafiti wa Australia walikinyamazisha kimeng'enya kinachobandika methili ndani ya mabuu, na wengi wao wakakua kama malkia. Kwa hiyo uzi wa mleta mada mimi nauona mzingani kila siku.

#8 JichoKali

Naomba niwe mbaya kidogo. Nyuki, panya, panya, nyuki. Binadamu yuko wapi? Panya wa maabara anakula pakiti moja maisha yake yote na anaishi kwenye boksi safi. Kesho mtu atatoka humu anawaambia watu waache dawa, wale majani.

#9 PachaMmoja

JichoKali, karibu, nilikuwa nakusubiri. Nina mambo mawili kuhusu watu, na la pili ndilo ninalolipenda.

La kwanza ni njaa ya Uholanzi, majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945. Miaka 60 hivi baadaye, watafiti waliwapima watu waliotungwa mimba wakati ule wa njaa na kuwalinganisha na ndugu zao wa jinsia ileile ambao hawakuipitia tumboni. Jeni ya IGF2 ya wale wa njaa ilikuwa na vibandiko vya methili vichache zaidi. Matokeo yalitoka 2008. Hayahusu uvimbe wa utumbo, nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha alama ya mlo inaweza kukaa mwilini mwa binadamu miongo kadhaa.

La pili. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya timu ya Stephen O'Keefe wa Pittsburgh. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mjini na Waafrika Kusini 20 wa kijijini, wakabadilishana milo kwa wiki mbili. Wamarekani wakapanda kutoka kama gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, mafuta yakashuka. Waafrika Kusini wakaenda upande wa pili: nyama, mafuta, nyuzinyuzi gramu 12. Baada ya siku 14 butireti ya Wamarekani iliongezeka kama mara mbili na nusu, na dalili za uvimbe kwenye ukuta wa utumbo mpana zikapungua, pamoja na kasi ya seli kugawanyika. Kwa Waafrika Kusini vyote vilienda kinyume.

Wiki mbili tu, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo ni ya kupita. Seli nyingi za juu hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano hivi, zinazaliwa upya kutoka kwa seli shina zilizojificha kwenye vishimo vya ukuta. Kila kizazi kipya kinazaliwa katikati ya kemikali za mlo wa wiki ile. Ndiyo maana utumbo unaitika haraka hivyo. Na ndiyo maana faida nayo inaondoka haraka ukiacha, jambo ambalo wauza makopo hawalisemi.

Kuhusu kuacha dawa: hakuna mahali nimesema, na sitasema.

#10 JichoKali

Hiyo ya kubadilishana milo nimeikubali nusu. Watu 40, wiki mbili, wote wazima, hakuna mgonjwa. Inaonyesha dalili zinasogea, haionyeshi ugonjwa unapona.

#11 PachaMmoja

Sahihi kabisa. Nakubali bila kinyongo.

#12 MamaWawili

Samahanini, mimi nina kolaitisi ya vidonda mwaka wa nne. Kila anayenishauri ananiambia nyuzinyuzi, nyuzinyuzi. Mimi nikila mboga mbichi na maharage ugonjwa ukiwa umeamka, nashinda chooni. Sasa nani mwongo, mwili wangu au utafiti?

#13 SistaZamu

Mama, hakuna mwongo. Mimi ni muuguzi, wagonjwa wa aina yako nawaona.

Ugonjwa ukiwa umeamka, ukuta umechubuka. Bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi vizuri mara nyingi wamepungua, mmoja wao ni Faecalibacterium prausnitzii ambaye ni mtengenezaji mkubwa wa butireti. Sasa unaleta kuni wakati mpishi hayupo. Mwaka 2023 watafiti wa Alberta, Kanada, waliripoti kwamba baadhi ya nyuzinyuzi za jamii ya fruktani, zisipochachushwa, zinaweza kuziamsha seli za kinga za baadhi ya wagonjwa badala ya kuzituliza. Zingatia neno "baadhi". Na kama mahali fulani utumbo umekuwa mwembamba kwa makovu, kama inavyotokea kwenye Crohn, makapi magumu yanaweza hata kuuziba.

Ninachowaambia wagonjwa wangu: wakati umeamka, laini, iliyopikwa sana, iliyomenywa, kidogo kidogo. Ukilala, tunarudisha aina moja moja na kuangalia. Hili lifanyike na daktari au mtaalamu wa lishe anayekujua, siyo mimi wa mtandaoni.

Na wengine mnaosoma kimya: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, kuamshwa usiku na kuharisha, homa zisizoeleweka, hizo si za kutafutia mlo. Nenda upimwe. Kuna kipimo cha choo kinaitwa kalprotektini, ni protini ya seli za kinga; ikiwa juu inaonyesha kuna uvimbe ndani. Kinasaidia kutenganisha na utumbo unaosumbua tu bila uvimbe, ambao ni ugonjwa mwingine.

#14 MamaWawili

Asante sana dada. Miaka minne nilikuwa najiona mjinga.

#15 PachaMmoja

SistaZamu ameniwahi, na amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Niongeze fumbo lililonisumbua muda mrefu.

Watoto wenye Crohn hupewa tiba ya lishe ya maji peke yake, chakula cha kunywa kilichotengenezwa maalumu, wiki 6 hadi 8 bila kutafuna kitu. Wengi wao ugonjwa unalala na ukuta unapona, na miongozo ya Ulaya inaiweka kama tiba ya kwanza kwa watoto wengi. Sasa angalia chupa: nyingi hazina nyuzinyuzi kabisa! Zingine zina hata viambato vya kuunganisha mafuta na maji, ambavyo kwa panya vimeonekana kumomonyoa ute na kuleta uvimbe (utafiti wa 2015). Kwa watu wazima wenye afya, mwaka 2022 walijaribiwa 16: waliopewa kiambato kimojawapo gramu 15 kwa siku kwa siku 11, bakteria wao walibadilika, na wachache kati yao bakteria walionekana wamesogea karibu na ukuta.

Kwa hiyo kama nadharia yangu ya nyuzinyuzi ingekuwa ndiyo yote, chupa ile ingewaangamiza watoto. Haiwaangamizi, inawaponya. Ninavyoona mimi, kinachosaidia pale pengine si kilichomo bali kilichoondolewa. Mwaka 2019 walijaribu mlo wa vyakula halisi vilivyochaguliwa, ukiambatana na chupa kiasi, kwa watoto wenye Crohn. Baada ya wiki 6 asilimia 75 ugonjwa ulikuwa umelala bila dawa za steroidi, dhidi ya asilimia 59 wa chupa tupu. Tofauti hiyo peke yake si kubwa kitakwimu, lakini watoto waliuvumilia zaidi ule mlo, na kufikia wiki ya 12 ndio waliobaki vizuri.

Mwaka 2021 kule Stanford, watu wazima 36 wazima wa afya waligawanywa: nusu vyakula vilivyochachushwa, nusu nyuzinyuzi nyingi, wiki 10. Wa vilivyochachushwa, aina za bakteria ziliongezeka na protini 19 za uvimbe kwenye damu zikashuka. Wa nyuzinyuzi hawakushuka kwa pamoja. Kila mtu aliitika kivyake kulingana na bakteria aliokuja nao. Mimi niliyejaza uzi huu nyuzinyuzi, hiyo ilinikalisha chini.

#16 Kibatari

Mleta uzi anajipinga mwenyewe hadharani, hii sijawahi kuiona kwenye jukwaa hili.

#17 JichoKali

Namuongezea point. Kama mnatafuta mahali jeni na chakula vinakutana waziwazi, ni seliaki, ugonjwa ambao kinga inashambulia utumbo mtu akila gluteni. Hapo jeni inajulikana, HLA-DQ2 au DQ8, na chakula kinajulikana, gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya karibu theluthi wana jeni hizo, lakini wanaougua ni kama 1 kwa 100. Ukiondoa gluteni, wengi wao utumbo unapona. Ila hata hapo jeni pekee haitoshi, na chakula pekee hakitoshi.

Na wale wanaotuma mate kwa barua wapewe "mlo wa jeni zako": mwaka 2018 Stanford walichapisha jaribio la watu 609 kwa miezi 12, mafuta kidogo dhidi ya wanga kidogo. Walikuwa wamepima jeni zilizodhaniwa zitatabiri nani apungue uzito kwa mlo upi. Hazikutabiri kitu.

#18 PachaMmoja

Seliaki ni mfano mzuri. Mimi wa kwangu wa aina hiyo ni panya wa Chicago, mwaka 2012. Walilishwa mafuta ya maziwa. Mafuta hayo yanabadilisha nyongo, inabeba taurini zaidi, kemikali yenye salfa, na kuna bakteria anaitwa Bilophila wadsworthia anayeipenda hiyo salfa. Akaongezeka kwa panya wote. Lakini waliopata kolaitisi kwa wingi ni wale waliozaliwa bila jeni ya IL-10, inayotuliza kinga. Panya wenye jeni kamili, bakteria yuleyule, chakula kilekile, hawakuugua.

Na nikisoma hiyo narudi kwetu wawili. Jeni zetu sawa, tumekula chungu kimoja hadi miaka 18. Baada ya hapo yeye alihama, akavuta sigara miaka mitano, akapewa antibayotiki mara nyingi kwa kifua, akala kwa saa za zamu za usiku. Ni lipi kati ya hayo? Pengine hakuna hata moja.

#19 Pacha_wa_Pili

Mimi ndiye mwenyewe. Nimeletewa kiungo na mtu wa kazini, nimesoma yote nikiwa kwenye kiti nimetundikiwa dripu ya dawa, saa mbili hazijaisha.

Marekebisho matatu. Moja, sigara ilikuwa miaka minne. Mbili, chupa zile nimezinywa mimi ukubwani wiki sita, na siku ya tisa nililia kwa harufu ya vitunguu vya jirani. Zilisaidia, lakini aliyenisimamisha ni hii dripu, na hilo uliandike na wewe. Tatu, lile kopo la kijani ni wewe uliyenipa nusu ya pesa, usijifanye.

Kalprotektini ya wiki iliyopita ni 90. Mwaka juzi ilikuwa 1,400. Sijui niwashukuru dawa, mboga za kuchemsha au bakteria, na daktari naye amekataa kuchagua. MamaWawili, nitumie ujumbe, nitakwambia nilivyorudisha maharage: kijiko kimoja, yamemenywa na kupondwa, kila baada ya siku tatu.

Na simu zangu uache kupokea.